Wao walipiga kura, sisi tulitangaziwa

Jumapili hapa Reykjavík, Iceland, ukitaka bia ya kueleweka ya kubeba nyumbani, pole yako. Bia yenye nguvu kwa kawaida inauzwa na duka la serikali, Vínbúðin, na siku hiyo limefungwa. Supamaketi friji imejaa makopo, lakini mwisho wake ni kilevi cha asilimia 2.25. Juzi nilikuwa na wageni, watoto wa Majengo na Kiboriloni kule Moshi watupu, wakayanywa huku wananitazama kama nimewapa maji ya kunawa. Nikalalamika kwa mzee jirani. Akacheka, akaniambia hayo ni mabaki ya marufuku.

Marufuku gani tena? Kumbe hawa wavuvi walijifungia pombe wenyewe. Mwaka 1908 wanaume walipiga kura (wanawake walikuwa bado hawajapewa kura ya bunge) na karibu asilimia 60 wakasema pombe basi. Sheria ikaanza 1915. Hispania ikawaambia, msiponunua mvinyo wetu hatununui samaki wenu wa chumvi, na kufika 1922 mvinyo ukaruhusiwa. Kura ikapigwa tena 1933, wengi wakaikataa marufuku, na 1935 pombe kali zikarudi kaunta.

Bia ikabaki gerezani. Vodka halali, bia haramu! Hoja ilikuwa kwamba bia ni rahisi, itawaharibu vijana na wafanyakazi. Miaka ya 80 baa zikawa zinachanganya ile bia nyepesi na vodka ili ifanane na bia. Mabaharia na wahudumu wa ndege waliruhusiwa kuingiza bia yao, baadaye na abiria. Yaani mwenye tiketi ya ndege anakunywa, aliyebaki bandarini anameza mate. Hadi tarehe 1 Machi 1989.

Hapo ndipo nyumbani Tanzania kuliponijia, maana 1 Machi na sisi tunayo: 2017, marufuku ya viroba, zile pombe kali za pakiti. Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alitamka pale Mirerani mwezi wa pili katikati, wenye maduka wakabaki na wiki mbili za kujua wapeleke wapi mzigo.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Huyu amekula samaki wa barafu siku mbili, keshakuwa mwalimu." Subiri, Mangi. Viroba sivitetei. Nani wa Moshi hakumwona kijana wa bodaboda saa moja asubuhi, anang'ata kona ya pakiti hata chai hajanywa? Vilipoondoka nilishukuru. Ninachouliza ni nani aliulizwa. Wenzetu walikosea kwa kura na wakajirekebisha kwa kura na bunge, na kila kosa lilikuwa lao. Letu linatoka jukwaani, tunapiga makofi, wiki ya pili kuna vichupa vidogo rafu ileile na kijana yuleyule ananunua.

Na gongo, ile pombe kali ya kienyeji, je? Mkoloni alimkataza Mwafrika wa Tanganyika pombe kali ya dukani. Tukapata uhuru, 1966 tukatunga sheria yetu ya kumkamata anayepika gongo. Tangu hapo ni mchezo uleule: mgambo wanakuja, pipa linamwagwa, mama anapelekwa kituoni, jioni moshi unafuka mgombani kwa jirani. Anayekunywa wiski kwenye kochi la hoteli hajawahi kumwagiwa glasi.

Utaniambia hawa hawafiki watu laki nne, kupiga kura kwao ni kama kikao cha ukoo. Kweli ni wachache. Utaniambia na kura ya pombe Kilimanjaro inajulikana mshindi, hahaha. Sina uhakika huo. Kawape kura wanawake wa Rombo uone.

Ila wa huku nao wasivimbe. Ijumaa usiku mtaa wa Laugavegur watu wazima wanatapika ukutani, hakuna wa kumwambia mwenzake "inatosha, kaka". Shangazi yangu Kibosho anachemsha ndizi, anaziacha siku kadhaa zichachuke, anapika uji wa ulezi ulioota, anatia gome la msesewe ukali ukae sawa, kisha anaonja kwanza yeye ndipo mgeni apokee kibuyu. Aliyezidisha ananyimwa, na hata awe mzee wa kanisa hafungui mdomo. Mbege hiyo imelipa sare na ada za watoto wake wote. Hakuna bunge lililomfundisha.

Kitu kimoja nawaonea wivu. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita. Mwaka 2016 wakabaki asilimia 5, na bia ilishakuwa halali zamani. Mtoto ana saa ya kuwa nyumbani kisheria, manispaa inachangia ada ya mpira na muziki, na wazazi wanazunguka mtaani kwa zamu usiku. Kwetu kijana wa Pasua akimaliza kidato cha nne bila kazi, jioni mlango ulio wazi ni wa kilabu cha pombe tu. Halafu tunashangaa pakiti.

Kwa hiyo wale mnaoniuliza "mbona hurudi nyumbani": Desemba nipo Kibosho kama Wachaga wote. Njoo tubishane. Kibuyu utapewa, ila ukianza kurudia hoja, shangazi ndiye mwenye amri ya kukunyima.