Visigino Visivyogusa Ardhi

Mkabala na eneo la ubalozi wa Japani mjini Seoul, Korea Kusini, kuna msichana wa shaba aliyeketi kitini. Anawakumbusha wapita njia wasichana na wanawake ambao jeshi la Japani liliwafanya watumwa wa ngono wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtazame miguuni kwanza. Yuko pekupeku, na visigino vyake vimeinuka kidogo, havigusi ardhi, kwa sababu waliorudi kutoka vitani hawakupata pa kutua hata kwao walikozaliwa. Nywele zimekatwa ovyo, ngumi amezikunja mapajani, begani ametua ndege mdogo. Kivuli chake si cha msichana, ni cha bibi kizee aliyepinda mgongo. Kando yake kuna kiti kitupu. Msimu wa baridi wapita njia humvalisha kofia ya sufu na shali, na mvua ikinyesha kuna anayemwekea mwavuli.

Sanamu hiyo iliwekwa Desemba 14, 2011, siku maandamano ya kila Jumatano mbele ya ubalozi huo yalipotimiza mara ya 1,000. Yalianza Januari 1992.

Nianze na jina, maana upotoshaji wote umeanzia hapo. Jeshi la Japani liliwaita ianfu, yaani wanawake wa faraja. Faraja ya nani? Binti wa miaka 17 anafungiwa chumbani, askari wamepanga foleni mlangoni, halafu sisi tuandike kwamba alikuwa akifariji watu? Mimi neno hilo nimeacha kulitumia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996, iliyoandikwa na Radhika Coomaraswamy, ililitaja jambo kama lilivyo: utumwa wa ngono wa kijeshi.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mwaka 1990 serikali ya Japani ililiambia bunge lake kwamba wanawake hao walichukuliwa na wafanyabiashara binafsi. Kim Hak-sun, bibi mmoja wa Seoul, aliyasikia maneno hayo yakamchoma. Agosti 14, 1991 alijitokeza hadharani kwa jina lake na sura yake, akasimulia aliyotendewa. Miezi michache baadaye mwanahistoria wa Kijapani, Yoshimi Yoshiaki, alizitoa nyaraka za jeshi lenyewe kutoka maktaba ya idara ya ulinzi ya Japani. Mwaka 1993 serikali ikakiri, kwa tamko la katibu mkuu wa baraza la mawaziri, Yohei Kono, kwamba jeshi lilihusika na kwamba wengi walichukuliwa bila ridhaa yao. Bibi mmoja alifungua mdomo, kabati likafunguka.

Lakini ukimya ule wa miaka 46 tusiubebeshe Tokyo peke yake. Majumbani mwao Wakorea nao waliwafunga midomo. Aibu ilivishwa aliyebakwa. Kim Hak-sun alithubutu alipokuwa hana tena mume wala mtoto wa kumwonea haya, na hilo mimi hunitia uchungu kuliko nyaraka zote.

Ndiyo maana naona sanamu bila darasa ni kazi nusu. Mwaka 1997 vitabu vyote vya historia vya sekondari ya chini nchini Japani viliwataja wanawake hawa. Miaka iliyofuata wakaanza kutoweka, kitabu kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyehitaji nyundo. Na sanamu yenyewe huondolewa kirahisi: mjini Manila, Ufilipino, sanamu ya mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni iliwekwa kando ya barabara ya Roxas Desemba 2017. Usiku mmoja wa Aprili 2018 iling'olewa, sababu iliyotolewa ikiwa ni ujenzi wa mitaro ya maji. Mji ambao watoto wake wangekuwa wamefundishwa habari za Maria Rosa Henson, Mfilipino wa kwanza kujitokeza mwaka 1992, ungelala usingizi usiku ule?

Wapo wanaosema kumbukumbu hizi zinapanda chuki dhidi ya Wajapani. Siafiki. Yoshimi ni Mjapani. Makumbusho ya WAM, yaliyofunguliwa mwaka 2005 kuhifadhi ushuhuda huu, yako Tokyo, na yanaendeshwa na raia wa kawaida. Walioteswa walikuwa Wakorea, Wachina, Wataiwani, Wafilipino, Waindonesia, Waholanzi, na Wajapani pia. Kinachopanda chuki ni kumwambia bibi wa miaka 90 kwamba anasema uongo.

Mwalimu akinisikiliza, ningemwomba asianze na tarehe za vita. Awasomee wanafunzi ushuhuda wa mtu mmoja, polepole, kisha awaache waulize. Wataanza na maswali ya watoto: mama yake alijua? Alipewa chakula? Tarehe zitakuja zenyewe.

Korea Kusini iliwaandikisha manusura 240. Leo walio hai hawafiki 10. Wawili kati ya hao 240, Kim Bok-dong na Gil Won-ok, walitangaza Machi 8, 2012 kwamba fidia yoyote watakayolipwa na Japani wataitoa yote kwa wanawake waliobakwa katika vita vingine. Mfuko ukaanzishwa kwa nia yao, ukaitwa Kipepeo. Kim Bok-dong alifariki Januari 2019, bado anadai kuombwa radhi. Msaada wa mfuko ule ulikuwa umeshafika Kongo, nchi ambayo mamilioni wanazungumza lugha hii ninayoandikia.