Kalkuleta au kompyuta: ukinzani wa hewa unawaumbua wote

Kwenye hesabu za ndege ndogo kuna kambi mbili, wa kalamu na kalkuleta, na wa programu zinazochora hewa ikipita kwenye bawa kwa rangi rangi, na kila kambi inaona wenzao wanapoteza muda.

Kwenye nguvu ya kunyanyua mi niko na wa kalkuleta. Chukua Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kilo 1,111 ikiwa imejaa, mbawa mita za mraba 16.2. Ikiruka bila kupanda wala kushuka, nguvu ya kunyanyua inalingana na uzito, yani nyutoni 10,900 hivi, jibu unalo hata hujaanza! Kinachobaki ni koefishenti, yani namba inayoonyesha bawa linanyanyua kwa nguvu kiasi gani: chukua nusu ya densiti ya hewa (kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, usawa wa bahari), zidisha kwa kasi kipeo cha pili na eneo la mbawa, alafu gawanya uzito kwa hiyo. Kwa mita 60 kwa sekunde unapata 0.31, ukipunguza hadi 30 inapanda mpaka 1.22, mara nne, na hapo rubani keshainua pua sana.

Shughuli iko kwenye ukinzani. Sehemu inayozaliwa na kunyanyua kwenyewe inakokotoleka vizuri tu, ila ile ya umbo na msuguano watu wanaweka koefishenti ya 0.03 kwa kuangalia ndege zinazofanana, basi. Nikiweka hiyo, kwa kasi ya noti 65 (kama mita 33 kwa sekunde) napata ndege ingeteleza mita 11 na nusu mbele kwa kila mita inayoshuka, wakati kitabu cha ndege kinakupa kama 9. Fomula haina habari na propela inayozungushwa na upepo injini ikiwa imezima, na hiyo inavuta si mchezo.

Wa programu watasema ndo maana hawabahatishi, na kweli, ukitaka kujua hewa inabanduka wapi, yani inaacha kufuata umbo la ndege, pale bawa linapoungana na bodi kalkuleta haikusaidii kitu. Lakini umbo walilochora ni safi mno, halina ribiti, antena, mwanya wa mlango wala hewa inayopita kupoza injini, alafu picha ikishatoka inapendeza nani ataihoji? Kulinganisha maumbo mawili ya bawa jipya, sawa, nawapa. Ila kwa ndege ambayo tayari inaruka, panda juu na mwalimu siku hewa imetulia, punguza gesi mpaka mwisho, shika kasi moja, soma imeshuka mita ngapi kwa dakika, alafu rudi na namba hiyo usahihishe ile 0.03.