Betri Iliyosema Bado Ina Chaji

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, na hitilafu inayoonekana hainitishi. Mpira uliochanika utauona, kompresa iliyochoka utaisikia ikikoroma, waya ulioungua utanuka kabla hujafungua kava. Ninachokiogopa ni mashine ya kupumulia ambayo kioo chake kinawaka vizuri, namba zimekaa sawasawa, kumbe inamdanganya muuguzi.

Mapema 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu Evita V500 na Babylog VN500, mashine za kampuni ya Dräger ya Ujerumani. Babylog ni ya watoto wachanga. Shida ilikuwa kwenye kifaa cha ziada cha umeme chenye betri, PS500. Betri ziliisha mapema kuliko ilivyotarajiwa, huku alama ya chaji ikionyesha kwamba bado ipo ya kutosha. Na kengele ya kuonya kwamba umeme unakwisha haikulia. Tahadhari hiyo iliwekwa daraja la kwanza, lile la kasoro zinazoweza kuua.

Mashine ikizima kwa kelele, muuguzi anachomoa mpira, anaunganisha ambu, ule mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, anaanza kuminya huku akiita mwenzake. Niliwahi kumtazama dada mmoja akiminya ambu tangu umeme ulipokatika hadi jenereta iliposhika. Macho hayakubanduka kwenye kifua cha yule mtoto, na midomo ilikuwa ikihesabu bila sauti. Aliwahi kwa sababu kengele ilimwita. Isingelia, angeendelea kujaza faili kitanda cha pili.

Puritan Bennett 980, mashine nyingine ya kupumulia, nayo ilipata tahadhari ya daraja hilohilo, safari hii kwa kasoro ya programu yenyewe: hewa inayomfikia mtoto mchanga ingeweza kuwa pungufu ya kiwango alichoweka daktari. Kwa pafu la kichanga, hewa kidogo tu ikipungua ni jambo kubwa.

Watu wengi wakisikia kifaa "kinarejeshwa" kwa tahadhari kama hizi hudhani kinafungwa kwenye sanduku na kupelekwa kiwandani. Mara nyingi hakiendi popote. Kinabaki palepale kitandani kikisubiri mtu aje kupakia toleo jipya la programu. Asipokuja, hakuna atakayejua kwa kukitazama, maana hakina kutu wala ufa.

Kwetu wasiokuja ni wengi. Barua ya mtengenezaji humfuata mnunuzi wa kwanza. Mashine iliyotumika miaka kadhaa Ulaya, kisha ikaletwa huku kama msaada, kwenye daftari la mtengenezaji huenda bado inahesabika iko kulekule. Na hata barua ikifika, inaweza kuishia mezani. Katika hospitali moja niliyofanya kazi niliikuta barua kama hiyo kwenye faili la manunuzi, imegongwa muhuri wa "imepokelewa", na wodini hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia. Nilikasirika, na hasira hiyo haijaisha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tahadhari ya aina hii imfikie muuguzi wa zamu ya usiku siku ileile, kwa Kiswahili, hata kama programu mpya itachelewa miezi. Aambiwe wazi: usiiamini alama ya betri ya mashine hii, ambu ikae kitandani, umeme ukikatika mwangalie mgonjwa kwanza kabla ya kioo. Hilo halihitaji bajeti. Anayeleta msaada naye aandikishe namba ya mashine kwa mtengenezaji, kwa jina la hospitali inayoipokea, kabla haijapanda meli.

Siku hizi mashine ikiingia, kabla ya kuisafisha naiwasha na kutafuta toleo la programu. Naliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta, pamoja na tarehe, naibandika juu ya kioo. Wiki iliyopita muuguzi mmoja aliniita, akaigusa ile plasta, akauliza, "Kaka, hii namba ndiyo ile mpya, au bado tunasubiri?"