Betri ipangiwe nafasi kwanza, mota isubiri

Pale mwaloni Kirumba, mwenye mtumbwi hakuulizi unapenda kukaa wapi. Anakuonyesha. Magunia ya dagaa hapa, mama na mtoto pale, wewe mwenye begi zito sogea katikati. Hakuna anayebishana naye, maana kila mtu anajua chombo kilichoelemewa nyuma kinakwenda vipi wimbi likianza.

Vijana ninaojenga nao ndege ndogo za umeme hapa Mwanza wamekulia kwenye elimu hiyo. Lakini wakishika povu gumu la kujengea na gundi, wote macho kwa mota. Ndiyo inayonguruma, ndiyo inayozungusha propela. Betri inakuja mwisho, inachomekwa popote palipobaki upenyo. Nasema wazi kwamba hapo ndipo tunapoziua ndege zetu, zikiwa bado mezani.

Chukua mzani wa jikoni upime mwenyewe. Mota isiyo na brashi ya Kv 1000, yaani mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti, ile tunayoifunga kwenye ndege yenye mabawa ya mita 1.2, ina gramu 50 na ushee. Betri ya lithiamu polima ya seli 3 na mAh 2200 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) inakaribia gramu 180. Kitu chenye uzito wa mota tatu unakitafutiaje nafasi baada ya kila kitu kugandishwa?

Mpwa wangu alikata mlango wa betri nyuma ya bawa kwa sababu mkono ulifika pale kwa urahisi. Niliona, nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa na furaha na sikutaka kumkatisha. Tukaenda kwenye uwanja wa wazi upande wa Nyegezi. Ndege iliachia mkono wake, pua ikapanda, ikazidi kupanda, mabawa yakakosa upepo wa kuyabeba, ikaanguka kwa ubavu. "Mjomba, mota haina nguvu," aliniambia huku anaokota vipande. Mota ilikuwa na nguvu ya kutosha. Uzito ndio ulikuwa nyuma, na ukimya wangu ulimgharimu kazi ya wiki tatu.

Tangu siku ile najenga naye hivi. Bawa letu lina upana wa sentimita 20 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, kwa hiyo tunapima sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele, pale ndege inapotakiwa kusawazika, na kuweka alama ya penseli chini ya kila bawa. Mota, servo (vimota vya kusogeza usukani), risiva (kipokezi cha rimoti) na kidhibiti cha mwendo wa mota tunavibandika kwa selotepu tu. Halafu ndege inakaa juu ya vidole viwili kwenye zile alama, nasi tunasogeza betri mbele na nyuma, taratibu, mpaka pua iiname kidogo sana. Hapo tunachora mstari kuizunguka betri. Mlango unakatwa mahali mstari ulipo, hata kama mkono unapata taabu kufika.

Mota baada ya hapo haina maneno mengi. Inafungwa kwa skrubu kwenye kibao cha plaiwudi, si kwenye povu, na inaelekezwa nyuzi 2 hivi chini na nyuzi 2 kulia ili mvuto wa propela usiipindishe ndege. Ikizunguka kinyume, badilisha nafasi ya nyaya zozote mbili kati ya zile tatu za mota. Propela vua kabla ya jaribio la kwanza. Vidole havina spea. Betri nayo ishikwe kwa velkro chini na mkanda juu, na iachiwe tundu la kuingiza hewa puani na tundu kubwa zaidi la kuitoa nyuma.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo maelezo ya kwenye boksi hayalitaji. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Propela inashika hewa kidogo, ndege inataka mwendo zaidi ndipo inyanyuke. Wengi hujibu kwa kununua betri kubwa, yaani wanaongeza uzito kwenye ndege inayohangaika kupanda. Mimi naongeza propela kwa inchi 1, kisha napima ampea kuhakikisha mota na kidhibiti havizidiwi. Zikiwa ampea 15, mAh 2200 ni karibu dakika 9 za nguvu zote, nasi tunatua kabla ya dakika 7. Seli isishuke chini ya volti 3. Betri iliyovimba haipandi tena, hata ukiililia.

Mwaka 2018 ndege ya umeme isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Nataka watoto wa Mwanza wawe watengenezaji wa vyombo vya namna hiyo, na ndiyo maana nashupalia jambo linaloonekana dogo kama mstari wa penseli.

Jumamosi tuliirusha mpya saa 1 asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka, mbali na uwanja wa ndege. Mpwa wangu aliibeba kwanza kwa vidole viwili. Akanitazama, akasogeza betri mbele kidogo, akafunga mkanda, ndipo akaiachia.