Dozi ndogo si lazima iwe dozi salama

Kidonge cha miligramu 10 kipo juu ya kibao cha kukatia vitunguu. Kisu kinashuka, nusu inarudi kwenye chupa. Daktari aliandika kizima, lakini mzazi ameona nusu inatosha, "tusije tukamlewesha mtoto."

Simcheki. Methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, dawa ya watoto wenye ADHD (tatizo la kutotulia na kushindwa kukaza fikra), si pipi. Inakata hamu ya kula: chakula cha shule kinarudi kama kilivyokwenda, halafu saa tatu usiku mtoto anafunua masufuria. Usingizi unachelewa. Dozi ikizidi, mtoto mcheshi anazubaa na kunyamaa, na mwalimu anayetaka darasa tulivu anaweza kusifia kilekile kinachomliza mama nyumbani.

Ila woga huu unadhani nusu ya dozi huleta nusu ya faida. Mara nyingi haileti hata hiyo. Mtoto anabaki hana hamu ya kula na hesabu bado hamalizi, kisha familia inasema, "Dawa tulijaribu, haikumfaa." Kumbe haijajaribiwa.

Hapo ndipo huwa narudi kwenye utafiti wa MTA, uliolinganisha matibabu ya ADHD na kuchapishwa Marekani Desemba 1999: watoto 579 wa miaka 7 hadi 9, wakafuatiliwa miezi 14. Waliotibiwa kwa dawa na watafiti walitafutiwa dozi kwa siku 28. Dozi ilikuwa ikibadilishwa, siku nyingine kidonge kikiwa hakina dawa kabisa, na wazazi na walimu wakijaza fomu bila kujua mtoto kameza kipi. Wengine walikwenda kwa madaktari wao wa kawaida. Takriban thuluthi mbili ya hao nao walimeza dawa, na bado kundi lao likaachwa nyuma. Dawa zilezile! Ila wao walipewa dozi ya chini, kwa kawaida mara mbili kwa siku badala ya tatu, na hawakuwa na daktari wa kukaa nao nusu saa kila mwezi akiwa na taarifa za mwalimu mkononi. Nimejiuliza sana ni kipi kilichosaidia, miligramu au ile nusu saa. Sioni namna ya kuvitenganisha, maana bila nusu saa hiyo miligramu sahihi utaijuaje? Uzito hausemi, mtoto mwembamba anaweza kuhitaji zaidi ya mnene. Ndiyo maana huanzwa na miligramu 5, ikapandishwa kidogokidogo kila wiki, na kushushwa ikibidi.

Wenye hofu wana hoja nyingine nzito. Kati ya watoto wa MTA waliofuatiliwa baadaye, waliodumu na dawa walipungukiwa kimo kwa karibu sentimita 2, na ubora wa waliotibiwa kwa dawa na watafiti ulififia kufikia mwaka wa tatu. Basi kimo kipimwe, na swali la kuendelea liulizwe upya. Na pale ambapo kliniki inakula nauli ya wiki nzima na miadi ni baada ya miezi mitatu, hata mimi ningesita kupandisha.

Lakini aliyekata kidonge amwambie daktari. Akinyamaza, daktari ataona 10 haifanyi kazi na kuandika 15, kwa mtoto ambaye hajawahi kuvuka 5.