Shoga, hiki ulijinunulia mwenyewe

Nina shoga zangu wawili, mmoja fundi cherehani Temeke, mwingine mwalimu wa sekondari, na huu ni mwaka wa tatu tunacheza mchezo. Sio ule wa hela, wa hela tunao na una kijumbe wake, huu ni wa riwaya. Unaenda hivi: Mwalimu ananichagulia mimi, mi namchagulia Fundi, Fundi anamchagulia Mwalimu, kila mtu anasoma chake, akimaliza anakisogeza kwa mwenzie ili siku ya kukutana wote tuwe tumevipitia, halafu Jumamosi jioni tunakaa kibarazani kwa Fundi, yeye bado anamalizia oda za watu mguu uko kwenye pedeli, chai ya tangawizi ipo, tunaongea mpaka mbu watufukuze. Kujichagulia hairuhusiwi. Watu wananiambia mtu mzima unachaguliwaje kitabu kama mtoto wa shule, na mi nasema hapo ndo utamu wote ulipo.

Mwanzoni niliharibu. Nilimpa Fundi Nagona ya mwandishi wetu Euphrase Kezilahabi, kitabu chembamba cha mwaka 1990 ambacho mi nakipenda kupita maelezo, nilikisoma chuo nikakirudia hapohapo, nikaona mtu ninayempenda lazima nimpe ninachokipenda. Wanaokijua wanajua ile sio hadithi ya fulani katoka hapa kafika pale, ni mafumbo juu ya mafumbo, ukurasa mmoja unaweza kukulaza njaa. Fundi alikaa nacho mwezi mzima ananikwepa, nikipiga simu yuko bize, nikipita dukani ana wateja. Siku ya kukutana akakitoa kwenye mfuko wa vitambaa akaniwekea magotini. "Shoga, hiki ulijinunulia mwenyewe." Halafu akaongeza kwamba yeye akimshonea mtu anachukua vipimo vya mteja, sio vyake.

Iliniuma, lakini alikuwa na haki. Nilikuwa nimemshonea gauni kwa mwili wangu. Na nikigeuka nyuma naona vitabu vingi nilivyowahi kugawa vilikuwa hivyohivyo, nataka mtu anione nimesoma nini, yeye mwenyewe sijamwangalia hata kidogo.

Basi nikaanza kumwangalia. Baba yake alibeba mizigo bandarini hapa Dar miaka mingi, siku hizi mgongo haunyooki, na Fundi huwa hamzungumzii sana zaidi ya kulalamikia hela za dawa. Nikamtafutia Kuli ya Adam Shafi, kopi ya mtumba kutoka kwa wale jamaa wanaopanga vitabu chini pale Posta. Ni habari ya Rashidi na makuli wenzake wa bandari ya Zanzibar mpaka kwenye mgomo wa mwaka 1948, ambao ulitokea kweli. Sikumwambia chochote, nikampa tu. Kitabu kilirudi kina uzi mweusi katikati kama alama, na kurasa kibao zina mkwaruzo wa chaki ya bluu, ile ya kuchorea vitambaa. Kumbe alikuwa anaenda nacho kwa mzee Jumapili anamsomea kwa sauti, na mzee anamkatisha kila saa, eti subiri kwanza, gunia lenyewe lilikuwa la nini, maana gunia la sukari na gunia la karafuu hayabebwi sawa. Fundi anasema miaka arobaini hajawahi kumuuliza baba yake gunia linabebwaje.

Mi naamini ushauri haufiki huko. Hata ningemwambia mara mia kaa na mzee wako uongee naye, angenijibu ana oda za watu.

Sasa zamu ya mimi kupewa. Mwaka jana binti yangu akiwa kidato cha pili nilimnyang'anya simu, nikawa nampigia hesabu za dakika kutoka shule mpaka nyumbani, akichelewa kidogo ni maneno mpaka usiku, na siku moja nilikuta meseji ya mvulana nikamchapa. Niliwasimulia wenzangu kwa kujisifu kabisa, kwamba malezi yangu mi hayana mchezo. Mwalimu hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata akanikabidhi Rosa Mistika.

Hiyo nayo ni ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, mambo yanaanzia kwao Ukerewe, na kuna kipindi ilizuiwa mashuleni. Nilikuwa naisikia tu. Mwanzoni kabisa Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na mi nikaifunga hapohapo, nilikasirika mpaka nikaandika meseji ndefu ya kumwambia Mwalimu kama ana la kusema aseme usoni, nikaifuta, nikarudi kusoma. Baba mlevi, mkono mwepesi, binti anakua kwa kuogopa kila mwanaume, halafu siku anatoka mbele ya macho ya baba hajui ashike wapi. Nilimaliza saa tisa usiku nikaenda kusimama mlangoni kwa mwanangu nikawa namwangalia amelala.

Mwalimu angeweza kunisema, na mi ningemjibu we una wa kiume tu unajua nini, na hapo tungenuniana miezi. Kitabu kilinikuta peke yangu kitandani, hakuna wa kubishana naye, na aliyekichagua alikuwa ananijua vizuri kuliko nilivyokuwa nataka kujulikana wakati ule.

Tulipokutana ubishi ulikuwa nani kamharibu Rosa. Mi nikambebesha Zakaria mzigo wote. Fundi akasema mbona Regina hamumsemi, mama yupo nyumba hiyohiyo, anaona, ananyamaza, na watoto wanamwangalia wanajifunza kunyamaza. Mwalimu akaja juu, Regina angefanya nini sasa, angeenda wapi na mabinti wote wale? Hapo hatukuwa tunamuongelea Regina tena, tulikuwa tunawaongelea mama zetu. Fundi akasimamisha cherehani, jambo ambalo halitokeagi.

Nikifikiria tulivosoma riwaya shuleni nasikitika. Kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili, hoja tatu tatu kila kitabu, unakariri dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, unatema kwenye karatasi ya mtihani unasahau. Mwalimu wetu anafundisha hivohivo maana mtihani ndo unataka hivo, na anasema wanafunzi wengi wanasoma notisi za uchambuzi kitabu chenyewe hawakifungui. Kwa watu wengi ninaowajua, mara ya mwisho kuchaguliwa riwaya na mtu ilikuwa ni mtaala uliowachagulia, na baada ya kidato cha nne au cha sita hakuna aliyewashika mkono tena. Siku hizi ukimwona mtu kapewa kitabu zawadi ni cha jinsi ya kutajirika. Sivikatai, ila kitabu cha kutajirika unaweza kumpa yeyote, hata usiyemjua jina.

Kuna ugumu pia, nisiwadanganye. Fundi hasomi Kiingereza, kwa hiyo kuna vitabu nilikuwa natamani kumpa siwezi. Abdulrazak Gurnah ni mtoto wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, riwaya yake Paradise ilitoka 1994, na tumeisubiri kwa Kiswahili mpaka 2022, mwaka mmoja baada ya yeye kupata Nobel ya fasihi, ndo Ida Hadjivayanis akatutafsiria ikawa Peponi. Miaka 28! Fundi alivoisoma alikaa kimya muda mrefu kwa ajili ya Yusuf, yule mtoto anayechukuliwa kwao kwa deni la baba yake, halafu akaniuliza vingine viko wapi. Na riwaya za zamani ndo balaa, unapata jina mtu anakwambia haichapwi tena, unazunguka Posta, unazunguka Kariakoo, mwisho unaletewa PDF iliyopigwa picha kwa simu na nusu ya ukurasa imekatwa. Hizo jamani tusizisambaze, waandishi wetu wanakula wapi?

Kitu kingine nimejifunza ni kutoa kitabu bila maelezo. Ukisema nimekupa hiki kwa sababu moja mbili tatu umeshamsomea, amebaki kukubali au kukataa. Mwalimu mpaka leo hajawahi kuniambia kwa nini alinipa Rosa Mistika na mi sijamuuliza.

Ila kile kitabu kilikaa mezani kwangu wiki kadhaa na binti yangu akakisoma, hakuniomba ruhusa, niliona tu kimehama upande. Wiki iliyopita naingia chumbani nakuta riwaya ya Takadini juu ya mto wangu, kopi yake ya shule, sasa yuko kidato cha tatu, jalada limebandikwa selotepu. Asubuhi akanisalimia kama kawaida. Nimeanza kuisoma. Sekai kakaa miaka bila mtoto, kajaliwa mwenye ualbino, mila inataka mtoto auawe, na yeye kambeba kakimbia naye. Sijajua bado mwanangu anataka niwe Sekai au ameshaniona hivyo. Tunakutana Jumamosi hii kwa Fundi, nimemuuliza kama atakuja na yeye, kasema atakuja.