Kuchemsha maji hakuondoi floraidi

Makala yenu kuhusu kusafisha maji imemweleza vizuri Dkt. Askwar Hilonga, yule wa Arusha aliyepata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake la maji, ila swali la kwa nini watu wa huku kwetu wana meno ya kahawia mmelipita juu juu. Sisi wa Usa River, karibu na Arusha, tukisafiri tunaulizwa kama hatupigi mswaki! Kinachotia meno rangi hiyo ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji: inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, inaingia kwenye jino la mtoto likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Likishaota hivyo, dawa ya meno haifui dafu. Na jamani, kuchemsha kunaua vijidudu tu. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki, tena imekolea zaidi. Magadi ya kwenye makande nayo muyaangalie, mengine yana floraidi nyingi.